Yatima akifika miaka 18, nani atamulipia iniversite?

Kila mwaka, matokeo ya mutihani wa Serikali yakitoka, inchi nzima inafurahi. Lubumbashi, Bukavu, Goma, Kisangani, Kalemie, kila pahali vijana wanamwangiwa poda nyeupe kwenye kichwa, mama wanapiga vigelegele, jamaa zinachinja kuku. Kisha siku mbili ao tatu kelele zinapungua na hesabu inaanza. Iniversite gani? Feza ngapi? Mutoto atalala kwa nani? Baba anaita ndugu zake, mama anaenda kuona wenzake wa likelemba, mujomba wa Kolwezi anaahidi kitu kidogo. Hesabu ile inakuwa nguvu hata kwa mutu mwenye kupokea mushahara kila mwezi.

Sasa tufikiri juu ya kijana mwingine. Alifanya mutihani uleule, alipata diplome ileile. Lakini yeye alikulia ndani ya orfelina, ao alipokelewa na jamaa isiyo yake, kwa sababu wazazi walikufa ndani ya vita, ao walimutupa barabarani wakisema ni muchawi. Yeye hana mujomba wa Kolwezi. Siku ya poda, watoto wadogo wa kituo walimuimbia na masista walimupikia. Wiki ya kufuata wanamuita kwenye biro na kumuambia kwa upole: "Mutoto wetu, sasa umekuwa mukubwa. Tunahitaji kitanda chako kwa mutoto mwingine." Hakuna mutu mubaya ndani ya biro ile. Watoto wa kupokea ni wengi na vitanda ni vichache. Lakini kwa kijana, mulango wa iniversite umefungwa mbele hajaufikia.

Gazeti letu linaandika leo juu ya vijana hao, kwa sababu hakuna mutu anawahesabu. Tunapenda kusema kitu kimoja tu: musaada kwa mutoto aliyelelewa inje ya jamaa yake uishe siku masomo yake yanaisha. Usiishe siku ya kuzaliwa kwake.

Tuanzie kwa sheria. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto ni sheria muzuri. Iliweka mahakama ya watoto. Ilisema kama mutoto mwenye shida, yaani yatima, mutoto wa barabara, mutoto aliyeshitakiwa uchawi, ana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee, na kama mwamuzi anaweza kumuweka ndani ya jamaa ya kumupokea ao ndani ya kituo. Lakini sheria hiyo, sawa na kifungu cha 41 cha Katiba ya 2006, inamuita mutoto kila mutu mwenye hajatimiza miaka 18. Siku miaka hiyo inatimia, kila kitu kinakatika mara moja. Mwamuzi anafunga faili. Mutumishi wa Affaires sociales anaondoa jina kwenye liste. Na mufadhili wa Ulaya, mwenye alikuwa anatuma kitu kila mwezi, anapewa picha ya mutoto mwingine.

Miaka 18 na masomo yetu havipatane. Mutoto mwenye alianza shule ya musingi na miaka 6, na mwenye hajarudia kalasi hata moja, anasoma miaka 12 na kumaliza sekondari na miaka 18. Huyo ni mutoto wa jamaa yenye kutulia. Lakini mutoto wa orfelina ni nadra aanze na miaka 6. Alikimbia vita toka Masisi ao Fizi, alipoteza mwaka moja ndani ya kambi, mwaka mwingine barabarani. Akiingia kalasi ya kwanza na miaka 9, atapata diplome na miaka 21. Ulinzi wake uliisha miaka mitatu mbele ya mutihani! Na kama akienda iniversite, licence ya siku hizi, ndani ya mupango wa LMD, inaomba miaka mitatu tena. Atamaliza na miaka 24. Kwa miaka sita, toka 18 mpaka 24, wakati masomo yanakuwa bei zaidi, hakuna mutu mbele ya sheria mwenye kusema: "Huyu ni wangu."

Mutu mwingine atasema: kwetu Afrika, yatima anapokelewa na ndugu, hakuna shida. Ni kweli kama watoto wengi wasio na wazazi hawaishi ndani ya orfelina. Wanaishi kwa baba mudogo, kwa shangazi, kwa tate. Tunashukuru desturi hiyo, bila yo inchi yetu ingekuwa imeanguka zamani. Lakini tuseme kweli kati yetu. Shule ya musingi ni ya bure toka Septemba 2019, na kwa hiyo mutoto wa ndugu anasoma pamoja na watoto wa nyumba. Kwenye sekondari mambo yanaanza kubadilika. Na kwenye iniversite, kama feza ni za mutu moja na vijana ni wawili, anaenda nani? Kila mutu mwenye kusoma gazeti hili anajua jibu. Mutoto wa ndugu anabaki kuuza duka, kuosha vyombo, kuendesha pikipiki ya baba mudogo. Hakuna mwenye alimufukuza. Anaendelea kula bukari na wengine. Masomo tu ndiyo yameisha, na hawezi kulalamika, kwa sababu kila siku wanamukumbusha mema waliyomutendea.

Wale wenye wanajikaza na kufika iniversite, wanakutana na vizuizi vingine ambavyo wanafunzi wenye wazazi hawavione. Cha kwanza ni makaratasi. Sheria inaomba kuandikisha mutoto ndani ya siku 90 kisha kuzaliwa. Ni nani aliandikisha mutoto mwenye aliokotwa kwenye soko? Kisha siku hizo, inaomba kwenda mbele ya mahakama na kupata hukumu yenye kuwa pahali pa karatasi ya kuzaliwa. Kazi hiyo inafaa kufanywa wakati mutoto ana miaka 10, wakati kituo kinajulikana na mwamuzi ana faili kwenye meza. Mara nyingi kila mutu anaikumbuka kwenye mwezi wa kujiandikisha, kijana akiwa peke yake mbele ya kishubaka, na mutumishi anamuuliza: "Jina la baba? Jina la mama? Mulipaji ni nani?" Kwenye fishi kuna mistari mitatu ya kujaza. Kijana hana hata moja ya kuandika.

Kizuizi cha pili ni feza, na feza haziombwe siku moja. Kuna minervali, kuna silabusi, kuna kazi za vitendo, kuna usafiri wa kila siku, na mbele ya kila mitihani kuna enrolema. Mwanafunzi mwenye hajamaliza kulipa haingie kwenye chumba cha mutihani, hata kama alifuata masomo yote na anayajua. Ndiyo maana musaada wa mara moja, ule wa bahasha na picha mbele ya televizyo, haumalize kitu. Unamuingiza kijana mwezi wa kwanza, na mwezi wa sita anatolewa.

Kizuizi cha tatu ni pahali pa kulala. Nyumba za wanafunzi ndani ya iniversite zetu zinajaa, na vyumba vingine vinauzwa kati ya wanafunzi wenyewe. Na wakati wa likizo, mwanafunzi mwenye wazazi anarudi nyumbani, anakula, anapumuzika, anarudi na gunia ya unga na shati mupya. Mwenye hana wazazi anarudi wapi? Kwa msichana, swali hilo ni la hatari zaidi. Mwanaume mwenye umri wa baba yake anakuja na chumba, na feza za enrolema, na maneno matamu. Wote tunajua hadisi hiyo inaishia namna gani. Halafu watu wanasema: "Aliharibika." Tungefaa kuuliza kwanza ni nani alimuacha bila mulango wa kugonga.

Inchi zingine ziliona tatizo hili na kuandika sheria. Afrika ya Kusini, ambayo wafanya biashara wetu wa Lubumbashi wanaijua vizuri, iliandika ndani ya sheria yake ya watoto ya 2005, kifungu cha 176, kama kijana aliyewekwa kwa jamaa ya kumupokea ao kwenye kituo anaweza kuomba kubaki pale mpaka mwisho wa mwaka anapotimiza 21, ili amalize masomo ao kujifunza kazi. Kifungu kifupi tu, lakini kinamupa kijana nguvu ya kusema: "Bado ninasoma, niacheni nimalize."

Huko Marekani, sheria ya 1999 inayoitwa kwa jina la seneta John Chafee iliweka feza kwa vijana wanaotoka kwenye ulinzi wa Serikali. Kisha wakaongeza burse ya masomo inayoweza kufika dola 5.000 kwa mwaka, na toka 2018 kijana anaweza kuipata mpaka miaka 26, lakini si zaidi ya miaka mitano. Hatuwezi kulinganisha mufuko wetu na wao. Lakini kuna fundisho moja pale. Hata na feza zile zote, watafiti wa Chicago waliofuata vijana wa namna hiyo kwa miaka mingi waliona kama kwenye umri wa miaka 26, chini ya kijana moja kwa kumi ndiye alikuwa na diplome ya masomo ya juu. Feza peke yake haikutosha. Iniversite ya Fullerton, huko California, ilikuwa imeelewa jambo hilo mapema: mwaka wa 1998 ilianzisha mupango wa kumupa mwanafunzi wa namna hiyo burse pamoja na mutu wa kumufuata, mwenye anajua jina lake, mwenye anamuuliza mitihani ilienda namna gani. Iniversite nyingi za Marekani zimefuata mufano huo.

Umoja wa Mataifa nao, tarehe 18 Desemba 2009, mwaka uleule wa sheria yetu, ulikubali miongozo juu ya malezi ya watoto wasio na wazazi. Miongozo inasema kama kituo kinafaa kumutayarisha kijana mbele ya kutoka, na kumufuata kisha ametoka, na masomo ao kazi ya mikono viwe ndani ya matayarisho hayo. Kongo inaweza kufuata mashauri hayo bila kungojea mutu wa Ulaya aje kuifundisha.

Tunajua maneno yatakayosemwa. La kwanza: "Hata watoto wenye wazazi hawasomi, kwa nini muanzie na hao?" Swali ni la haki. Jibu letu ni hili: mwanafunzi maskini mwenye wazazi ana shida ya feza, mwenye hana wazazi ana shida ya feza na hana mutu wa kubeba shida hiyo pamoja naye. Tena, wakati mwamuzi alitia sahihi ili mutoto awekwe kituoni, Serikali ilikamata nafasi ya muzazi. Muzazi gani kati yetu anamufukuza mutoto wake kwenye kalasi ya nne ya sekondari kwa sababu ametimiza miaka 18? Tukimuona jirani anafanya vile, kartie nzima itasema.

Neno la pili: "Burse ziko." Ziko, ndiyo. Mupango Excellentia wa Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi unatoa burse kwa wale wenye walipata asilimia za juu zaidi kwenye mutihani wa Serikali, na ni kazi muzuri. Lakini kijana mwenye alisoma na taa ya simu, ndani ya chumba cha vitanda kumi, akipata asilimia 58, amepanda mulima mukubwa kuliko mutoto mwenye alipata 80 na mwalimu wa nyumbani. Burse ya wenye akili zaidi haiwezi kuwa mulango wa pekee.

Neno la tatu: "Serikali haina feza." Basi tuanze na mambo yasiyoomba feza nyingi.

Kwanza, wabunge waongeze ndani ya sheria ya 2009 maneno machache tu: kama mutoto aliyewekwa na mwamuzi anasoma bado siku ya kutimiza 18, ulinzi wake uendelee mpaka mwisho wa masomo, tuseme mpaka miaka 25. Wakati tunangojea Kinshasa, mabunge ya majimbo yana uwezo wa kupiga kura ediki juu ya vituo vya jimbo lao. Bunge la kwanza litakalofanya vile litaonyesha wengine njia.

Pili, kila kituo na kila jamaa ya kumupokea mutoto itayarishe faili mbele hajatimiza miaka 15: karatasi ya kuzaliwa ao hukumu ya mahakama, bulteni zote za shule, na jina la mutu mukubwa mwenye atamufuata. Kopi moja ibaki kwa Affaires sociales. Watumishi wa mahakama ya watoto wasiombe yatima feza ya hukumu ile. Hiyo ni kazi ya siku moja, na inaokoa mwaka muzima.

Tatu, iniversite na enstiti za Serikali zitenge nafasi chache kila mwaka, hata tano, hata kumi, kwa vijana hao: minervali na enrolema zisamehewe, na kitanda ndani ya nyumba ya wanafunzi kisifungwe wakati wa likizo. Chuo chenye maelfu ya wanafunzi hakiwezi kuanguka kwa sababu ya vijana kumi. Lakini liste iwekwe wazi kwenye ukuta, ili watoto wa wakubwa wasiingie ndani yake wakijifanya yatima. Tunaijua inchi yetu.

Ine, wafadhili, makanisa na misikiti wabadilishe namna ya kuhesabu. Leo ripoti zinasema: "Tulipokea watoto 60." Tungependa kusoma siku moja: "Kati ya wale tuliopokea, hawa walimaliza, hawa wanafanya kazi, hawa tuliwapoteza na hii ndiyo sababu." Mwenye kutoa feza kwa mutoto toka miaka 5 mpaka 17, halafu anaacha miaka mitatu mbele ya diplome, ni sawa na mulimaji mwenye alilima, akapanda, akapalilia, halafu akahama mbele ya mavuno.

Tukisema masomo kisha sekondari, tusifikiri tu droit na udaktari. Enstiti ya mafundisho ya kazi, INPP, iko toka 1964, na inafundisha umeme, makanika, ujenzi, baridi, mashine. Wasalesiani wa Don Bosco, Lubumbashi na Goma, walipokea watoto wa barabara na kuwafundisha kazi ya mikono, na baba zetu wengi wanajua seremala ao fundi mwenye alitoka mikononi mwao. Kwa kijana mwenye hana jamaa, mafundisho ya miezi kumi na mbili yenye kuleta mushahara yanaweza kuwa njia ya kujilipia iniversite kisha. Lakini hata pale kuna vifaa vya kununua na chumba cha kulipa, na fundi bila kisanduku cha vifaa ni mutu mwenye cheti tu ndani ya mufuko. Kijana achague mwenyewe. Tusimusukume kwenye useremala kwa sababu ni yatima, na tusimusukume kwenye iniversite ili picha yake ipendeze wafadhili.

Na sisi wengine, wenye kusoma tu? Kidole kimoja hakivunje chawa. Parokia moja, kikundi kimoja cha likelemba, wanafunzi wa zamani wa shule moja, wanaweza kubeba kijana moja. Kuna mwalimu mwenye kukubali jina lake liandikwe kwenye mustari wa "mulipaji", hata kama feza zinatoka kwa watu kumi. Kuna mama mwenye kusema: "Likizo utakuja kwangu." Kwa baba mudogo mwenye anasoma maneno haya, tunasema kwa heshima: mutoto wa marehemu ndugu yako hakuombe umupende kuliko wako. Umuulize tu, mwaka huu, ni masomo gani alitamani, na mukae pamoja kuona nini inawezekana. Wengine hawajaulizwa swali hilo hata mara moja.

Mwezi wa kujiandikisha uko karibu. Ndani ya vituo vyetu kuna vijana wenye wamekunja diplome yao na kuiweka chini ya godoro, wanangojea kusikia kama kitanda kile ni chao bado. Mabwana wabunge, mabwana waongozi wa iniversite, wakubwa wa Affaires sociales: muwape jibu mbele ya mwaka wa masomo kuanza.